Je, Wajua? Asili ya Mwaka Ndani ya Mabano
Mwandishi wa makala ya kitaalamu, anapotaja ndani ya mabano jina la aliyemtangulia na mwaka wa andiko lake, badala ya kumshusha msomaji hadi kwenye tanbihi chini ya ukurasa, hufuata desturi inayonasibishwa na Edward Laurens Mark, mwanachuoni wa elimu ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, aliyeitumia mwaka 1881 katika risala yake juu ya mayai ya koa, yule konokono asiye na kombe. Ajabu iliyoje, kiumbe dhalili namna hiyo kuhusika na adabu za wasomi! Basi, ewe mwandishi, kabla hujaukabidhi mswada wako kwa mhariri, hakikisha kila jina lililomo mabanoni limo pia katika orodha ya marejeo, herufi kwa herufi na mwaka kwa mwaka.