SINDANO YA VITAMINI KWA MIFUGO: ITUMIE WAKATI WAKE, KWA USALAMA



Kiangazi kinapokaribia mwisho, ng'ombe wamekonda na maziwa yamepungua, chupa ya vitamini hununuliwa haraka mnadani na kwenye maduka ya dawa za mifugo. Muuzaji husema "hii inaongeza nguvu", na jioni ileile mnyama hudungwa bomani. Wiki ikipita bila nafuu, anadungwa tena.

Kipeperushi hiki kinaeleza lini sindano hiyo inasaidia, lini inakupotezea mnyama, na namna ya kuidunga bila kuleta madhara.

Jambo la kwanza la kushika ni hili: vitamini ni sehemu ya chakula. Haiui minyoo. Haiui vimelea vya nagana wala vya ndigana. Mnyama mgonjwa akipewa vitamini peke yake, ugonjwa unaendelea ndani huku wewe ukisubiri nguvu zirudi. Siku hizo za kusubiri ndizo zinazoua.

MNYAMA HUPATA WAPI VITAMINI?

Ng'ombe, mbuzi na kondoo waliokomaa hujitengenezea vitamini nyingi wenyewe. Vijidudu vyema vilivyomo tumboni mwao hutengeneza vitamini za kundi B. Vitamini C hutengenezwa na mwili wa mnyama. Vitamini D huipata kwa kukaa juani, na jua katika nyanda zetu halikosekani.

Zinabaki vitamini A na E. Hizi hutoka kwenye majani mabichi. Wakati wa mvua, mnyama hula majani ya kijani na kuweka akiba ya vitamini A kwenye ini. Akiba hiyo humtosha miezi kadhaa. Kiangazi kikiwa cha kawaida, mnyama mzima huvuka bila tatizo. Mvua zikikosa kunyesha na mnyama akaendelea kula nyasi kavu zilizopauka, akiba huisha.

LINI SINDANO INAFAA?

1. Ukame mrefu. Wanyama waliokosa majani mabichi kwa miezi mingi, hasa majike wenye mimba kubwa, wanaweza kukosa vitamini A. Dalili ni kutoona vizuri jioni na usiku (mnyama hujigonga kwenye miti au ua wa boma), kutupa mimba, kondo la nyuma kuchelewa kutoka, na ndama kuzaliwa dhaifu au kipofu. Kumbuka kwamba kutupa mimba husababishwa pia na magonjwa kama brusela, ambayo huambukiza binadamu. Usishike kitoto kilichotupwa wala kondo kwa mikono mitupu.

2. Ndama aliyekosa dang'a. Ndama huzaliwa na akiba ndogo sana ya vitamini A, na huipata kwenye dang'a ya mama. Aliyeikosa anaweza kuhitaji sindano. Hata hivyo, sindano haimpi kinga ya magonjwa iliyomo kwenye dang'a. Mnyweshe dang'a ya ng'ombe mwingine aliyezaa karibuni, ndani ya saa chache za mwanzo.

3. Mbuzi au ndama aliyekula nafaka au molasi nyingi kwa ghafla, kisha akaanza kutembea ovyo, asione, na kuinua kichwa kama anayetazama nyota. Huenda amepungukiwa vitamini B1, na tiba yake ni sindano ya B1 siku hiyohiyo. Lakini dalili hizi hufanana na ormilo na hata kichaa cha mbwa. Usiingize mkono mdomoni mwake. Mwite mtaalamu haraka.

4. Baada ya tiba. Mnyama aliyetibiwa nagana, ndigana au minyoo, ambaye bado hali vizuri, anaweza kusaidiwa na vitamini. Hapo vitamini inafuata nyuma ya dawa. Haichukui nafasi yake.

KABLA YA KUDUNGA, TAFUTA KWA NINI AMEKONDA

Chukua mfano wa ng'ombe wa maziwa aliyerudi kutoka malisho yenye ndorobo (mbung'o). Amekonda, manyoya yamesimama, anabaki nyuma ya kundi. Anadungwa vitamini Jumatatu. Siku mbili tatu anaonekana ana nafuu, kwa sababu homa ya nagana hupanda na kushuka yenyewe. Mwenye ng'ombe anasema sindano imefanya kazi. Wiki ya pili anadungwa tena, na ya tatu pia. Anapoanguka, damu imekwisha mwilini, na hata dawa sahihi ya nagana inaweza isimwokoe tena. Dawa hiyo ingetolewa wiki ya kwanza, huenda angekuwa bado anakamuliwa.

Kwa hiyo mkague mnyama wako hivi:

• Funua kope la chini la jicho. Ndani pakiwa pekundu, damu ipo. Pakiwa peupe, damu imepungua. Kwa mbuzi na kondoo, mara nyingi ni minyoo inayonyonya damu. Kwa ng'ombe, fikiria nagana, ndigana baridi, minyoo au kupe wengi.

• Tazama chini ya taya. Uvimbe laini uliojaa maji ni dalili ya minyoo ya tumbo au minyoo ya ini.

• Papasa chini ya sikio na mbele ya bega. Tezi zilizovimba pamoja na homa na kuhema haraka ni dalili za ndigana kali. Tiba yake hufanya kazi vizuri ikitolewa mapema. Ndama hawezi kungoja wiki moja ya vitamini.

• Tazama mkojo na kinyesi. Mkojo mwekundu, au kinyesi kigumu na kikavu pamoja na homa, ni magonjwa ya kupe.

• Pima joto asubuhi kabla ya kwenda malishoni, kwa sababu jua la mchana hupandisha joto hata la mnyama mzima wa afya. Ng'ombe akizidi nyuzi 39.5 asubuhi, ana homa. Homa haitibiwi kwa vitamini.

• Jiulize kama kundi lote limekonda. Ikiwa ni kundi zima na hakuna homa, tatizo ni njaa au minyoo. Fedha za vitamini zitafaa zaidi zikinunua pumba, mashudu au dawa ya minyoo.

Kuna pia maeneo ambayo kasoro imo kwenye udongo. Nchini Kenya, ng'ombe wa upande wa Nakuru walikuwa wakikonda na kufa ingawa nyasi zilikuwepo, hadi ugonjwa wenyewe ukapewa jina la mji huo. Ilibainika kuwa udongo ulikosa madini ya kobalti. Vijidudu vya tumboni vinahitaji kobalti ili kutengeneza vitamini B12. Mahali kama hapo, jiwe la kulamba lenye kobalti husaidia kuliko kudunga kila mwezi.

KIASI GANI?

Vitamini ikizidi ni sumu. Vitamini A, D na E haziondoki mwilini haraka; hubaki kwenye ini na mafuta. Vitamini D ikizidi hufanya chokaa kuganda kwenye moyo, figo na mishipa ya damu. Chupa zenye vitamini E iliyochanganywa na madini ya seleniamu zina hatari zaidi: kiasi kidogo tu cha ziada kinaweza kuua mwanambuzi au mwanakondoo. Hizo zitumie kwa maelekezo ya mtaalamu pekee.

Chupa hazilingani nguvu. Usitumie kipimo cha chupa ya mwaka jana kwa chupa ya leo. Soma lebo, au mpe mtoto anayesoma akusomee: jina la dawa, aina ya mnyama, kiasi kwa uzito, mahali pa kudunga, tarehe ya mwisho wa matumizi, na siku za kungoja kabla ya kunywa maziwa au kula nyama. Chupa isiyo na lebo usiinunue.

Uzito wa ng'ombe unaweza kuukadiria kwa futi kamba ya fundi nguo. Pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele. Pima urefu kuanzia ncha ya bega hadi mfupa wa nyonga ulio kando ya mkia. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha tena kwa urefu (vyote kwa sentimita), kisha gawanya kwa 10,840. Ng'ombe mwenye mzunguko wa sentimita 140 na urefu wa sentimita 120 ana kilo 217 hivi. Kama lebo inasema mililita 1 kwa kila kilo 50, atapata mililita 4 na kidogo. Hapati 10 kwa sababu amekonda sana. Aliyekonda ana uzito mdogo, kwa hiyo dozi yake ni ndogo.

Usirudie sindano ya vitamini A, D na E kila wiki. Fuata lebo.

NAMNA YA KUDUNGA

1. Mfunge mnyama vizuri au mwingize kwenye kichochoro cha miti. Sindano nyingi huvunjika kwa sababu mnyama ameruka.

2. Tumia bomba safi na sindano mpya kwa kila mnyama. Sindano moja ikipita kundi zima hubeba damu, na pamoja nayo ndigana baridi, nagana na magonjwa mengine. Kama una bomba la kioo au chuma na sindano za kurudia, zichemshe dakika 20 kwa maji safi, ziache zipoe zikiwa zimefunikwa.

3. Acha sindano moja safi kwenye kizibo cha chupa kwa ajili ya kuvutia dawa. Sindano iliyomgusa mnyama isirudi kwenye chupa.

4. Dunga shingoni: mbele ya bega, juu ya mfupa wa shingo, chini ya ukingo wa juu wa shingo. Epuka paja na matako. Huko kuna mshipa mkubwa wa fahamu, na ukichomwa mnyama huchechemea au mguu hupooza. Isitoshe, jipu la matakoni huharibu nyama yenye bei.

5. Futa matope, safisha kwa spiriti. Usidunge ngozi iliyolowa au yenye kidonda.

6. Ukishaingiza sindano, vuta bomba kidogo kurudi nyuma. Ukiona damu, umeingia kwenye mshipa. Toa, badilisha mahali. Dawa nyingi za vitamini zimetengenezwa kwa ajili ya nyama au chini ya ngozi, na baadhi zina mafuta. Zikiingia kwenye damu zinaweza kumwangusha mnyama papo hapo. Sindano ya mshipani mwachie mtaalamu.

7. Sukuma polepole. Usizidishe mililita 10 mahali pamoja kwa ng'ombe mkubwa, au mililita 5 kwa ndama na mbuzi. Dozi ikizidi hapo, igawe sehemu mbili.

8. Usichanganye vitamini na dawa nyingine katika bomba moja. Zinaweza kuharibiana.

BAADA YA KUDUNGA

Kaa na mnyama nusu saa. Akitetemeka, akihema kwa shida, akivimba macho na uso, au akianguka, mwili wake umeikataa dawa. Mweke kivulini, usimdunge kitu kingine cha kubahatisha, na mpigie mtaalamu wa mifugo mara moja. Chupa ibaki karibu ili aione.

Uvimbe mdogo wa siku mbili tatu ni wa kawaida. Ukiwa wa moto, ukikua au ukitoa usaha, huo ni jipu. Nalo linahitaji tiba.

Sindano zilizotumika zitie kwenye kopo gumu lenye kifuniko. Zikitupwa bomani, atakayezikanyaga ni mtoto au ndama. Chupa ihifadhi mahali pa baridi, gizani, mbali na watoto. Iliyobadilika rangi au iliyokaa juani usiitumie.

DAWA YA MIFUGO SI YA BINADAMU

Wapo wanaojidunga vitamini ya ng'ombe ili wapate nguvu, au kumdunga mzee au mama aliyejifungua. Usifanye hivyo. Nguvu ya dawa hiyo imepimwa kwa mnyama wa mamia ya kilo. Vitamini A ikizidi kwa mama mjamzito humdhuru mtoto tumboni. Mtu aliyepungukiwa nguvu apelekwe zahanati. Ukijichoma kwa bahati mbaya, osha kwa maji mengi na sabuni, na uende zahanati na chupa ya dawa.

VITAMINI BORA IKO MALISHONI

Wazee walijua kutenga alalili kwa ajili ya ndama na wanyama dhaifu. Wasukuma nao wana ngitili. Eneo lililotunzwa hivyo hubaki na majani wakati kwingine pamekauka, na majani hayo ndiyo vitamini A. Kusanya pia maganda ya migunga yaliyoanguka, ukate nyasi zikiwa bado kijani na kuzikausha kivulini, kwa sababu jua kali huharibu vitamini A iliyomo. Mnyama aliyeingia kiangazi akiwa na ini lililojaa akiba na tumbo lisilo na minyoo, hatahitaji chupa.

KUMBUKA

• Vitamini ni chakula, haiui ugonjwa.
• Kagua kope, taya, tezi, mkojo na joto kabla ya kununua chupa.
• Soma lebo, kadiria uzito, usizidishe.
• Dunga shingoni, sindano safi kwa kila mnyama.
• Mnyama mwenye homa, damu iliyopungua au anayetembea ovyo: mwite afisa mifugo wa kata yako leo, usingoje kesho.