Unga Unaorudi Kuwa Jiwe

Je, wajua kwamba chaki ya mwalimu ni jiwe lililomiminwa? Vijiti vile havichongwi. Unga wa jasi huchanganywa na maji, rojo lake likamiminwa kwenye kalibu ya chuma yenye matundu mengi iliyopakwa mafuta, na baada ya muda mfupi kalibu hufunguliwa, vijiti vikatolewa na kuanikwa juani. Kazi hiyo inaweza kufanyika katika chumba kimoja cha nyumba ya kawaida. Kwa hiyo anayetamani kujifunza kusubu vitu nyumbani, iwe kwa kujifurahisha au kwa kutafuta riziki, hana haja ya kuanza na tanuri la kuyeyushia aluminiamu, wala na rezini za bei mbaya zinazosifiwa kwenye video na zinazotaka glavu na chumba chenye hewa ya kutosha. Aanze na jasi.

Madukani wengi huiita jipsamu. Ndiyo iliyomo ndani ya bodi za dari, na ndiyo wanayoimimina mafundi wa mikanda na maua ya kupamba sebule, wakiichanganya na nyuzi za katani ili mkanda usikatike wakati wa kuupandisha. Hospitalini ndiyo hogo analofungwa aliyevunjika mguu, ufundi ulioanzishwa na Antonius Mathijsen, daktari wa jeshi la Uholanzi, mwanzoni mwa miaka ya 1850, alipousugua unga huo kwenye bendeji na kuilowanisha. Tanzania huchimba jasi Makanya wilayani Same, Itigi mkoani Singida, na upande wa Lindi. Nyingi huishia kwenye viwanda vya saruji, ambako huongezwa kidogo ili saruji isigande kabla fundi hajaitandaza.

Isichanganywe na chokaa. Zidaka zinazopamba kuta za nyumba kongwe za Lamu ni kazi ya chokaa ya matumbawe, inayokomaa polepole kwa kufyonza hewa ya ukaa kwa miezi na miaka. Jasi humaliza kazi yake kabla chai haijapoa. Lakini haivumilii mvua: lita moja ya maji huyeyusha gramu 2 hivi za jasi, kidogo kwa siku, nyingi kwa masika kadhaa. Mapambo yake ni ya ndani.

Siri yake yote ni maji. Jiwe la jasi ukilishika ni kavu kabisa, ilhali kila kilo yake imebeba gramu 209 hivi za maji, yaliyojipanga ndani ya fuwele pamoja na kalisiamu na salfeti. Lisage, lipashe moto wa nyuzi 150 hivi za Selsiasi, na robo tatu ya maji hayo hutoka yakiwa mvuke. Unga huonekana kutokota kwenye karai ingawa hakuna aliyetia tone la maji. Ukipoa ndio unga unaouzwa kwenye mifuko. Utie maji, nao huyachukua tena yaleyale uliyonyang'anywa. Fuwele mpya huota, nyembamba kama sindano, zikapitana na kushikana mpaka rojo lote likawa jiwe.

Ndiyo maana anayesema jasi yake imekauka baada ya nusu saa anajidanganya. Imeganda, na ingeganda hata ikiwa imezama kwenye ndoo ya maji. Kukauka huja baadaye na huchukua siku. Wakati wa kuganda, nishati iliyotumika kuyafukuza maji hurudi, hivyo kipande hupata joto la kuhisiwa kwa mkono. Tena hutanuka kidogo, sehemu 2 au 3 kwa kila 1,000. Mtanuko huo mdogo ndio unaoisukuma jasi iingie katika kila kikwaruzo cha kalibu, hata mistari ya alama ya kidole ikatoka wazi. Maji hayohayo yaliyofungwa ndani ndiyo yanayoifanya bodi ya jipsamu iwe kinga nzuri ya moto, kwa kuwa moto hauna budi kuyafukuza yote kwanza, na mpaka yaishe joto la upande wa pili haliendi mbali kupita nyuzi 100.

Asili ikipewa muda hufanya makubwa zaidi. Mwaka 2000, wachimbaji wa mgodi wa Naica kaskazini mwa Meksiko waliingia kwenye pango lenye fuwele za jasi zenye urefu wa zaidi ya mita 10. Fundi wa nyumbani anapewa nusu saa.

Nusu saa hiyo ina utaratibu wake. Maji hutangulia kwenye bakuli, unga hufuata, ukinyunyizwa kwa mkono mpaka visiwa vidogo vikavu vibaki juu visizame tena. Kwa mizani ni kama gramu 70 za maji kwa gramu 100 za unga. Uachwe unywe kwa dakika moja au mbili bila kuguswa, kisha ukorogwe polepole, kijiti kisitoke nje ya rojo, maana kila hewa inayoingia itakuwa kitundu kwenye uso wa kitu chako. Likianza kuwa zito, mimina, ugongegonge kalibu ili mapovu yapande. Likishashika, usirudi kulikoroga wala kuliongezea maji. Utakuwa unavunja sindano zinazoota, nazo hazitashikana tena kwa nguvu ile.

Jikoni kuna breki na mafuta ya kazi hii. Chumvi kidogo na maji ya vuguvugu huiharakisha. Siki, ndimu na sukari huichelewesha. Ndoo chafu nayo huharakisha, tena kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu kila chembe ya jasi ya jana ni mbegu ya fuwele mpya. Na kwa mkazi wa Tanga, Mombasa au Unguja kuna adui mwingine: hewa. Unga uliofunguliwa hunywa unyevu wa pwani taratibu ndani ya mfuko, na ukija kuutumia unaganda kwa mashaka na kumong'onyoka. Ndoo yenye mfuniko unaobana ndiyo dawa.

Sasa kalibu. Chukua embe. Ukilizamisha lote kwenye jasi halitatoka bila nyundo, kwa kuwa lina tumbo, na lililopita tumbo limefungwa. Basi lizike nusu kwenye udongo wa mfinyanzi, udongo ukikomea palepale embe linapokuwa pana kuliko kwingine kote, lizungushie ukuta wa maboksi, umimine jasi juu. Ikiganda, ligeuze, uondoe udongo wote, uchimbe vishimo viwili vitatu pembeni kwa kijiko, kisha umimine upande wa pili. Jasi mpya itajaza vishimo hivyo na kuwa vichwa vya kuzifanya nusu mbili zikutane mahali palepale kila mara. Chonga mlango wa kumiminia, funga kwa kamba au mpira, na una kalibu ya maembe. Mstari ule wa pale lilipo pana ndio kazi yenyewe. Anayeuona mstari kwenye kitu kabla hajagusa udongo ameshahitimu nusu ya ufundi.

Lakini jasi hushikana na jasi. Kinachoitenganisha ni sabuni ya mche iliyoyeyushwa kwenye maji ya moto, ikapakwa kwa brashi, ikafutwa, ikapakwa tena mpaka uso ung'ae. Hapa kuna kemia ambayo watu wa visima wanaijua bila kufundishwa. Sabuni ikikutana na maji yenye kalisiamu hukataa kutoa povu na kugeuka utando usioyeyuka. Juu ya jasi hutokea hilohilo: kalisiamu ya jiwe na sabuni hufanya ngozi nyembamba isiyopitisha maji. Kinachomuudhi mfuaji kinamfaa msubuji.

Kitu chenye makunjo mengi, kwa mfano kombe la baharini lenye miiba, hakitaki kalibu ngumu hata kidogo. Hutaka mpira. Silikoni halisi ya kutengenezea kalibu ni ghali, lakini ile ya kuzibia madirisha, yenye harufu ya siki, huweza kusaidia. Kasoro yake ni kwamba huganda kwa unyevu wa hewa, kuanzia nje kwenda ndani, hivyo pande nene huweza kubaki laini katikati kwa siku nyingi. Wasubuji wa nyumbani hukwepa hilo kwa kuikanda na kornflawa: wanga huingiza unyevu mpaka kiini, nayo yote ikaganda pamoja. Fanyia kazi hiyo nje, maana harufu si ya mchezo.

Kalibu mashuhuri kuliko zote haikutengenezwa na fundi. Mwaka 79 Baada ya Kristo mlima Vesuvius uliufunika mji wa Pompeii kwa majivu. Majivu yaligandamana kuzunguka miili, nyama ikaoza, na pakabaki mapango yenye umbo la watu na mifupa ndani yake. Mwaka 1863 Giuseppe Fiorelli, aliyekuwa akisimamia uchimbaji, aliamuru mapango hayo yajazwe jasi kabla ya kufukuliwa. Majivu yalipoondolewa vilionekana vitambaa vilivyokunjamana, kamba za viatu, nyuso. Mwaka 1874 alipatikana hivyo mbwa aliyejipinda akiwa na ukosi shingoni. Hata hivyo umbo si ushahidi wa kila kitu. Mtu mzima mwenye bangili ya dhahabu, aliyekutwa na mtoto, aliaminika kwa muda mrefu kuwa mama na mwanawe. Vinasaba vilivyotolewa kwenye mifupa iliyonaswa ndani ya jasi, na matokeo kutangazwa mwaka 2024, vilionyesha ni mwanamume, tena asiye na udugu na mtoto huyo.

Afrika ilikuwa imetangulia. Mwaka 1912, Amarna nchini Misri, wachimbaji wa Ludwig Borchardt walifukua karakana ya mchongaji Thutmose ya zaidi ya miaka 3,300 iliyopita. Kila mtu anakikumbuka kichwa cha malkia Nefertiti kilichotoka humo, ambacho ni jiwe la chokaa lililopakwa matabaka ya jasi. Mimi huvutiwa zaidi na nyuso za jasi zilizokutwa kwenye karakana hiyohiyo, za watu wasio na taji, wengine wenye makunyanzi.

Wazazi wa leo hutaka mkono wa mtoto. Hapa hakuna utani: usimwache mtu yeyote, mkubwa au mdogo, atumbukize mkono kwenye jasi. Bonge kubwa linapoganda joto lake hufikia nyuzi 60, na mkono uliokwama hautoki. Mwaka 2007 nchini Uingereza msichana wa miaka 16 alipoteza karibu vidole vyake vyote katika kipindi cha sanaa shuleni. Njia salama ni aljineti, unga wa mwani wa kahawia ambao madaktari wa meno huutumia kupata umbo la meno. Hukorogwa na maji ya baridi, na baada ya dakika chache huwa mpira laini ambamo mkono huchomoka bila shida. Jasi humiminwa humo papo hapo kabla haujasinyaa. Kinachouunganisha mpira huo ni kalisiamu, na kalisiamu hiyo mara nyingi hutiwa kiwandani kwa sura ya jasi. Mwani unaolimwa Zanzibar hauwezi kushika nafasi hiyo: ni wa jamii ya mwani mwekundu, na hutoa karajinani, si aljineti.

Kati ya zile gramu 70 za maji, jasi ilihitaji 19 hivi tu. Zilizobaki huondoka polepole na kuacha vijitundu visivyohesabika, na vijitundu hivyo hunywa. Masinki ya choo na ya kunawia yametengenezwa hivyo kwa miaka mingi: rojo la udongo humiminwa kwenye kalibu ya jasi, jasi ikanyonya maji, udongo ukajenga ukuta pembeni. Kalibu yako ya embe, ukiiacha bila sabuni, inaweza kufanya kazi hiyohiyo kwa udongo wa mfinyanzi.

Mabaki yasimwagwe kwenye sinki la jikoni, kwani yataganda ndani ya bomba. Yaache kwenye beseni la plastiki, kesho yake ulikunje, yatapasuka na kutoka. Vipande visivyopakwa rangi usivitupe. Vitwange, unyunyize unga wake kwenye tuta la karanga zinapochanua. Ganda la karanga hufyonza kalisiamu lenyewe kutoka kwenye udongo linamokua, na kalisiamu ikipungua hubaki tupu; wakulima wa jimbo la Georgia, Marekani, humwaga jasi mashambani kwa sababu hiyohiyo.