Nani Kaua? Hadithi za Upelelezi na Sura Yetu Sisi

Wako wazee wetu ambao wakimwona kijana kajiinamia juu ya kitabu cha upelelezi humwambia auweke kando upuuzi huo akasome la maana. Kwao hadithi ya mauaji ni mchezo wa Wazungu: maiti sebuleni, bwana mwenye kiko, polisi mzito wa akili, na mwisho mtu akatiwa pingu. Leo nataka kuitetea hadithi hiyo mbele ya wazee wangu, kwa heshima zote. Mtu anapouawa huulizwa maswali ambayo siku za amani hufunikwa kawa: nani atarithi, nani alimchukia nani, nani akisema husadikiwa, na nani hata akisema kweli hapati wa kumsikiza. Mwandishi anayeyauliza maswali hayo, apende asipende, huwa anatuchora sisi na nchi yetu.

KANZU YA YUSUFU

Kwanza tuuondoe usemi kwamba upelelezi ni kitu cha kuazima. Sisi tuliokaa jamvini chuoni tukahitimu msahafu tumepita katika Sura ya Yusufu, na ndani yake mna kesi mbili za ushahidi, na zote mbili za kanzu. Ya kwanza ni pale ndugu zake walipomletea baba yao kanzu ya Yusufu ina damu ya uongo, wakadai mbwa mwitu kamla. Mzee Yaakubu hakudanganyika. Wafasiri hueleza kwamba aliitazama kanzu akaiona nzima, akastaajabu mbwa mwitu gani huyo mpole, amle mtoto na nguo yake asiirarue.

Ya pili ni katika nyumba ya mkubwa wa Misri, bibi wa nyumba alipomsingizia kijana. Akatokea shahidi katika jamaa za bibi mwenyewe, akasema itazamwe kanzu imechanwa wapi: ikiwa mbele, bibi ni mkweli, ikiwa nyuma, kijana ndiye mkweli. Ikaonekana imechanwa nyuma. Aangalie msomaji jambo hili: Yusufu alikuwa mgeni, tena mtu aliyenunuliwa, na mshitaki wake ni mwenye nyumba. Hata hivyo kipande cha nguo kilikuwa na neno zito kuliko cheo. Lakini kisa hakikuishia hapo. Wakubwa waliziona dalili zote, na bado wakamtia kijana gerezani. Basi tangu utotoni tumefunzwa mambo mawili: kwamba kweli yaweza kujulikana kwa kutazama na kufikiri, na kwamba kujulikana kwa kweli si sawa na kutendeka kwa haki. Hadithi za upelelezi zote zilizo bora husimama baina ya mambo hayo mawili.

Yumo pia katika Alfu Lela Ulela waziri Jaafar, aliyepewa na Harun al-Rashid siku tatu amtafute aliyemuua mwanamke ambaye mwili wake umepatikana sandukuni katika mto Tigris. Jaafar hakutafuta kitu. Alikaa nyumbani kwake akingoja kudra, na wauaji wakajitokeza wenyewe, tena wawili kwa mpigo, kila mmoja akidai ni yeye. Kisa kizuri, lakini humo hamna upelelezi. Kanzu ya Yusufu yamo.

BWANA WA UNGUJA

Mtu aliyeutia upelelezi katika riwaya ya Kiswahili ni Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, mwandishi wa habari kwa kazi yake. Hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957 na 1958, na ikatoka kitabu mwaka 1960. Baadaye vikafuata Kisima cha Giningi mwaka 1968, Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974, na vyenginevyo, mpaka Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Mwandishi alifariki mwaka 1991.

Hapana shaka Bwana Msa ana damu ya Sherlock Holmes. Ana kiko chake, ana swahiba wake Najum wa kuuliza na kushangaa, na yuko Inspekta Seif wa polisi. Lakini wanaosema ni Mwingereza aliyepakwa rangi hawakusoma vizuri. Jina lenyewe ni Musa lililofupishwa kama tunavyoyafupisha majina yetu barazani. Yeye hufika kwenye kweli kwa kuongea na watu kwa adabu, kwa kumwacha mtu aseme mpaka ajifunge kwa maneno yake mwenyewe. Hiyo ni hila ya Mswahili. Mwingereza huchunguza jivu la sigara. Bwana Msa huchunguza maneno.

Tena zitazameni anwani za vitabu vyake. Mzimu, Giningi: maneno yanayomtia mtu baridi, kwani nani Unguja hajasikia habari za Giningi, makao ya wachawi? Msomaji huingia akitaraji mashetani. Hutoka akiwa amekutana na wanadamu, wenye tamaa, wivu na siri za ukoo na nasaba. Ninavyoamini mimi, hilo ndilo jambo kubwa alilolifanya. Alituchukua sisi wenyewe, na lugha yetu, na mabaraza yetu, akatuonyesha kwa mapenzi, kisha akatukemea kwa upole kwamba twawatupia majini makosa ya watu. Muuaji aliyejificha nyuma ya mzimu atakuwa salama maadamu sote twaogopa kuingia mzimuni.

Kasoro moja lazima tuitaje. Mapinduzi ya Januari 1964 yaliigeuza Unguja juu chini, lakini Bwana Msa, kwa kiasi kikubwa, alizidi kuishi katika Unguja ile ya zamani kana kwamba hakusikia kishindo. Wengine wamemlaumu mwandishi kwa hilo. Mimi nasema kunyamaza pia ni habari: yako mambo ambayo hata mpelelezi hodari alijua asiyaulize.

DAR ES SALAAM NA NAIROBI

Bara upelelezi ulivaa nguo nyengine. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo, nasi tukaingia Dar es Salaam ya simu, motokaa na polisi wa nchi iliyokwisha jitawala. Mwaka 1974 Elvis Musiba, aliyefariki mwaka 2010, akamleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona. Gamba si mtu wa baraza. Ni jasusi wa serikali, mwepesi wa ngumi na bastola, na adui zake ni maajenti wa wakoloni na makaburu. Hilo halikuwa la kubuni tupu. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu mwaka 1963 mpaka mwaka 1994, na mji ule ulijaa wapigania uhuru pamoja na waliowapeleleza. Kwa Bwana Msa swali lilikuwa: nani katika jamaa hii ni mwongo? Kwa Willy Gamba swali ni: nani katika taifa hili ni msaliti? Kwa vitabu hivyo vijana wa Tanzania walijifunza kujiona raia wa Afrika nzima. Lakini walijifunza pia kwamba serikali haikosei, kwani shujaa ndiye serikali.

Na kwetu Kenya? Kitabu cha uhalifu kilichosomwa mno na vijana kilikuja kwa Kiingereza, nacho ni My Life in Crime cha John Kiriamiti, mwaka 1984. Mwandishi hakuwa mpelelezi wala polisi. Alikuwa jambazi wa mabenki aliyeandika akiwa kifungoni. Tafakari, ewe msomaji. Unguja ilimchagua mwenye akili asiye na cheo. Dar es Salaam ikamchagua mtumishi wa taifa. Nairobi ikampa kalamu mwizi mwenyewe, na watu wakamshangilia, kwa kuwa wengi walikwisha kuona kwamba katika mji ule wezi wakubwa hawakuwa wakikimbizwa na mtu.

Jambo hili hata Misri walilijua. Tawfiq al-Hakim, aliyewahi kuwa mwendesha mashitaka wa serikali mashambani, aliandika mwaka 1937 riwaya ya mtu wa kazi hiyo hiyo. Kesi ya mauaji haipati ufumbuzi, na wakulima wanahukumiwa kwa sheria iliyonakiliwa kutoka Ufaransa wasiyoielewa hata herufi. Naguib Mahfouz naye mwaka 1961 alitoa riwaya ya mwizi na mbwa, akimchukua mwizi wa kweli aliyetisha Misri, na kumfanya msomaji aulize ni nani hasa mwizi katika nchi iliyokwisha pindua wafalme. Waislamu wenzetu hawakuiona hadithi ya jinai kuwa upuuzi. Waliifanya mizani ya kuipimia nchi.

NA SISI WA MOMBASA?

Hapa ndipo panaponiuma. Mwambao wetu una visa vya kumtosha Bwana Msa miaka mia. Iko ardhi: tangu sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, mtu ambaye hakudai na kuandikiwa alijikuta maskwota penye makaburi ya babu zake. Huo ni uhalifu usio na kisu, uliofanywa kwa wino, na mpelelezi wake itabidi ajue kusoma hati za kale. Iko unga inayowamaliza vijana wetu mitaani; twawajua wanaoivuta, na wanaoileta hatuwataji. Na ziko damu. Baina ya mwaka 2012 na 2014 masheikh kadhaa walipigwa risasi wakafa Mombasa, na walikuwa watu wa rai mbalimbali, wengine wakipingana vikali. Swali la nani kaua bado linaulizwa vibarazani kwa sauti ya chini, mtu akitazama nyuma kwanza.

Mimi si hakimu, wala gazeti si mahakama. Lakini nayajua maneno, na najua mji usiouliza hadharani hujibiwa kwa uvumi. Kila mtu huwa na muuaji wake mkononi: huyu asema serikali, yule asema ndugu zetu wenyewe, na wote wawili hawakuitazama kanzu imechanwa wapi. Huko ndiko kurudi mzimuni. Tumelibadilisha jina la pepo tu.

Upande wa pili wako wanaotusimulia kutoka mbali. Katika filamu nyingi wanazotazama watoto wetu kwenye simu zao, mtu mwenye kofia na ndevu akitokea, mtoto huwa amekwisha jua kwamba ndiye mbaya. Akizitazama hizo miaka kumi bila ya kumsoma Msa hata mara moja, atajionaje kwenye kioo? Mswahili Mwislamu aliyekaa kitako akafikiri, akapima ushahidi, akamtoa asiye na kosa na kumkamata mwenye kosa: sura hiyo tunayo, imo katika lugha yetu wenyewe, na tumeiacha ioze makabatini.

Kwa hivyo nawaomba walimu waviteremshe vitabu vile wavipe vijana. Na nyinyi vijana wa Mombasa, Malindi na Lamu mnaoshika kalamu, tungeni upelelezi wa kwetu. Mpelelezi wenu awe mwanamke, awe karani wa bandari, awe mwalimu wa chuo, si hoja. Aijue ardhi na bahari. Asimwogope mkubwa wala asimsingizie. Na mkifika mwisho wa hadithi mkaona kweli imejulikana lakini haki haikutendeka, msiibadilishe ili kutufurahisha. Iandikeni hivyo hivyo, tusome.