Bwana wa Nyota: Kidonda cha Bakhita na Imani Iliyomsimamisha

Ndugu msomaji, katika basi unalopanda alfajiri kwenda kazini wamo watu ambao hawakosi chakula wala mahali pa kulala, na hata hivyo wamebeba moyoni neno moja zito: sitakiwi. Huyu baba yake aliikana mimba. Yule alirudishwa kwao kwa kuwa hakuzaa. Mwingine alilelewa na mama wa kambo, akajifunza mapema kula baada ya wenziwe kushiba. Kukataliwa hakuna dawa inayoandikwa hospitali. Na ubaya wake mkubwa ni kwamba aliyekataliwa mara nyingi hufika mahali akaanza kujikataa mwenyewe.

Wengi hukimbilia kanisani, na huko aghalabu huambiwa: samehe, usahau. Ushauri huo ni mwema kwa nusu yake ya kwanza. Hiyo nusu ya pili haimo katika uwezo wa mwanadamu, na kumdai mtu asichokiweza ni kumwongezea mzigo. Yupo mwanamke wa Kiafrika aliyesamehe pasipo kusahau, na maisha yake yaweza kutufundisha zaidi ya mawaidha mengi.

Alizaliwa karibu na mwaka 1869 katika kijiji cha Olgossa, Darfur, magharibi ya Sudani. Mnamo mwaka 1877, miaka minne baada ya soko la watumwa la Unguja kufungwa, watu wawili walimteka karibu na kwao. Hofu ilimshika hata akalisahau jina alilopewa na wazazi wake, na jina hilo halijulikani mpaka leo. Waliomteka wakamwita Bakhita. Sisi hatuhitaji mkalimani, kwani neno hilo ni ndugu wa neno letu “bahati”. Mtoto aliyeporwa mama, baba na jina, akaitwa mwenye bahati!

Akauzwa na kuuzwa tena, El Obeid na Khartoum. Katika nyumba ya ofisa mmoja wa Kituruki alilazwa chini, akachorwa mwili kwa unga, kisha michoro ile ikafuatwa kwa wembe. Alikatwa mara 114, na vidonda vikasuguliwa chumvi ili makovu yasifutike. Haikuwa adhabu, kwani hakuwa na kosa. Lilikuwa pambo la mwenye mali juu ya mali yake.

Mwaka 1883 alinunuliwa na Callisto Legnani, makamu wa balozi mdogo wa Italia mjini Khartoum. Katika nyumba hiyo hakupigwa. Mwaka 1885 alifuatana naye hadi Italia, akakabidhiwa kwa familia ya Michieli, na huko akawa yaya wa binti yao mdogo, Mimmina.

Hapa niruhusu, msomaji, nikuulize jambo la nyumbani kwako. Binti anayekulelea watoto jina lake nani? Si “dada” wala “msichana”, bali jina aliloitwa na mama yake. Zipo nyumba za wafanyakazi waungwana kabisa ambamo binti hukaa miaka mitatu, na mwenye nyumba hajui hata kijiji alikotoka. Hapana kiboko humo wala mnyororo, lakini hapana mtu anayemwita binti huyo wetu.

Wakati wenye nyumba waliposhughulika na hoteli yao huko Suakin, pwani ya Bahari ya Shamu, Bakhita na Mimmina waliachwa Venezia kwa watawa wa shirika la Canossa. Msimamizi wa mali za familia ile, Illuminato Checchini, alikuwa amempa Bakhita msalaba mdogo wa fedha. Watawa wakamweleza ni nani yule aliye juu yake: aliyepigwa mijeledi, akakataliwa na watu wake mwenyewe. Hebu fikiri maneno hayo yaliingiaje katika masikio ya mtu mwenye makovu yale. Tangu utotoni alikuwa akitazama jua, mwezi na nyota, akijiuliza ni nani bwana wa vitu vizuri namna ile. Sasa akaambiwa kwamba Bwana huyo yupo, anamjua, na anamtaka.

Kwa lahaja ya Venezia alimwita Mungu “Paron”, neno lile lile la bwana mwenye nyumba. Lugha yetu inalielewa jambo hili barabara, kwani “Bwana” tunayemwomba na “bwana” aliyemiliki watumwa wa pwani ni neno moja. Bakhita alikwisha kuwajua mabwana wengi. Huyu alikuwa wa kwanza asiyemnunua wala kumuuza.

Ndipo mwaka 1889 bibi Michieli aliporudi kumchukua, na Bakhita akakataa kutoka. Yeye ambaye maisha yake yote alikuwa akikataliwa, leo akakataa yeye! Bibi akashikilia kwamba huyu ni mali yake. Mkuu wa watawa hakumwachia binti vita hivyo peke yake, bali alipeleka habari kwa Patriaki wa Venezia na kwa mwanasheria wa Mfalme. Tarehe 29 Novemba 1889 ikaamuliwa kwamba Bakhita ni mtu huru, kwani sheria ya Italia haikuutambua utumwa. Kwa maoni yangu hapa ndipo kiini cha habari yote. Imani ilimpa sauti ya kusema hapana, na watu wenye imani hiyo hiyo wakasimama ubavuni pake mpaka sauti hiyo ikasikilizwa. Mhubiri anayemwambia aliyekataliwa kwamba Mungu anampenda, kisha asimfungulie mlango wake, amefanya nusu ya kazi.

Alibatizwa tarehe 9 Januari 1890. Miongoni mwa majina aliyopewa lilikuwamo Fortunata, yaani mwenye bahati. Safari hii kejeli ilikuwa imeondoka.

Aliweka nadhiri za utawa mwaka 1896, na tangu mwaka 1902 aliishi mjini Schio, akipika, akitarizi na kuhudumu mlangoni, akiwapokea wageni na watoto wa shule. Alisema kwamba lau angekutana na waliomteka angepiga magoti na kuwabusu mikono, kwa kuwa pasipo wao asingekuwa Mkristo. Ni neno zito, na lilikuwa lake kulisema. Haliwatakasi wale watekaji, wala haifai tulishike kama fimbo ya kumharakisha jirani ambaye kidonda chake kingali kibichi.

Tarehe 1 Oktoba 2000 Kanisa Katoliki lilimtangaza kuwa mtakatifu, na tangu mwaka 2015 sikukuu yake, tarehe 8 Februari, ni siku ya kuwaombea wanaouzwa na kusafirishwa kama bidhaa, maana biashara hiyo haijakoma.

Nawe unayeamka usiku ukiota yaliyokwisha kupita, ukadhani imani yako ni ya uongo, sikia alivyofariki mtakatifu huyu mwaka 1947. Ilikuwa imepita miaka 57 tangu abatizwe. Katika homa ya mwisho alirudi utumwani, akawa anamsihi muuguzi amlegezee minyororo, kwani ni mizito. Alisihi hivyo zaidi ya mara moja. Kisha akamwita Bikira Maria, akamwita tena, akanyamaza.