Mizani nane kwa Mungu asiyepimika

Mathias Mnyampala alizaliwa Ihumwa, nje kidogo ya mji wa Dodoma, mwaka 1917, wakati njaa ya Mtunya ilipoanza kuitafuna Ugogo. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalikuwa yamezoa nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo ya vita, kisha mvua ikakata. Wanahistoria wanakadiria kuwa hadi njaa hiyo ilipokwisha, mwaka 1920, Wagogo wapatao 30,000 walikuwa wamekufa.

Mtoto wa njaa hiyo alikua, akawa karani wa serikali, hakimu, na mwandishi wa historia na mila za Wagogo. Wengi wetu tulimjua shuleni kwa ngonjera zake. Kilichoninyima usingizi mimi ni kazi zake nyingine, zisizotajwa sana: Utenzi wa Enjili Takatifu na Utenzi wa Zaburi.

Utenzi hauna huruma kwa mtunzi. Kila kipande ni mizani nane. Vipande vitatu vya kwanza hushikana kwa kina chao, na ubeti unaofuata una uhuru wa kuchagua kina kingine. Kipande cha nne hakina uhuru huo. Kina kilichokifunga katika ubeti wa kwanza ndicho kitakachofunga kila ubeti hadi wa mwisho, ziwe beti mia au elfu. Waislamu wa pwani waliubeba kwa umbo hili Utendi wa Tambuka, mwaka 1728, na wosia wa Mwana Kupona, mwaka 1858. Mkristo wa bara akalipokea umbo hilo, akamwimbia Kristo.

Sasa jaribu mwenyewe. Chukua fundisho ambalo kila mtoto wa katekisimu analijua: Mungu mmoja, nafsi tatu. Hesabu. Mu-ngu, m-mo-ja, na-fsi, ta-tu. Ni mizani tisa. Ukigeuza mpangilio wa maneno, bado ni tisa. Fumbo kuu la imani limezidi kipande kwa mizani moja.

Hesabu hiyo nilimpelekea katekista mmoja mzee wa Dodoma, anayewaandaa watoto kwa Komunyo ya Kwanza. Alihesabu kwa vidole, polepole, mara mbili.

"Umeona, mwanangu? Lazima kitu kiachwe," alisema. "Kila anayemsema Mungu huacha kitu. Padri huacha, profesa huacha, nami naacha. Ubaya ni kudhani umemaliza."

Nilimuuliza kama imani nyofu ya namna hiyo si uvivu wa kufikiri. Hakukasirika.

"Mungu haenei kichwani mwa Papa, seuze mwangu. Ndiyo maana sisubiri nimwelewe ndipo nimwite. Mtoto humwita baba yake kabla hajajua baba anafanya kazi gani. Akikua atauliza mengi, na aulize. Lakini kuita kulitangulia."

Wanafunzi wa vyuo vikuu humjia na maswali ya sayansi na ya mateso. Huwaambia wasome sana, na wasiache kusali wakisubiri kumaliza kusoma.

Zaburi nazo haziogopi maswali. Kati ya 150, nyingi ni malalamiko, na ya 88 inaishia gizani bila neno la shukrani. Nikamuuliza mzee kuhusu Mtunya. Waliomlilia Mulungu mvua wakafa, je, walipungukiwa imani?

"Usiseme hivyo kamwe," alijibu upesi. "Wamo walioamini kuliko mimi. Kwa nini mvua haikuja, sijui. Hilo namuuliza Mwenyewe. Hajanijibu. Kesho asubuhi nitasali tena."

Wanaoiita imani hii nyepesi hawajawahi kuibeba. Mzee huyu hakunipa jibu la kunituliza, na alikataa kuwatwika wafu lawama ili amtetee Mungu. Huo kwangu ni unyofu wenye uti wa mgongo. Anajua kuwa Mungu anayemwamini ni mkubwa kuliko kila alichofundishwa kumhusu, na bado anazungumza naye.

Lakini katekisimu zetu zimejaa majibu ya kukariri. Nani atawafundisha watoto wetu kuishi na swali ambalo Mungu hajalijibu, bila kulificha na bila kuacha kusali? Ningependa parokia zianze na tenzi za Mnyampala, zisomwe kwa sauti, watoto wahesabu mizani wenyewe, walipime na fundisho la Mungu mmoja, nafsi tatu, wafike kwenye ile ya tisa, kisha waachwe waulize.