Sumukuvu Hupimwa Namna Gani?

Siku moja darasani tulikuwa tukizungumzia ghala bora. Mzee mmoja akatuuliza: "Mwalimu, mahindi yangu meupe, hayana ukungu. Ya nini kuyapima?"

Swali zuri. Sumukuvu ni sumu inayotengenezwa na aina fulani za kuvu, yaani ukungu, katika mahindi na karanga. Sumu yenyewe haionekani kwa macho, na kupika hakuimalizi. Mwaka 2004 mashariki ya Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Basi hupimwaje?

Kwanza, sampuli. Hapa ndipo wengi hukosea. Sumu haikai sawasawa ndani ya gunia. Hindi moja laweza kuwa na sumu nyingi, na la jirani lisiwe nayo kabisa. Ukichota kiganja kimoja mdomoni mwa gunia, utajidanganya. Mpimaji huchoma bambo juu, katikati na chini, katika magunia mengi. Mahindi hayo huchanganywa, husagwa yote, halafu unga huchanganywa tena.

Pili, kuitoa sumu. Unga kidogo hupimwa kwenye mizani, ukatikiswa ndani ya methanoli na maji. Methanoli ni aina ya spiriti. Sumu huhama kutoka kwenye unga ikaingia katika maji hayo. Kisha huchujwa.

Tatu, kusoma kiasi. Kipande maalumu cha kupimia huchovywa humo. Baada ya dakika chache mstari hutokea, na mashine ndogo huusoma. Maabara kubwa zina mashine inayoitenga sumu na kuimulika hadi ing'ae. Mng'ao ukizidi, sumu imezidi.

Kikomo cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo. Ni kidogo mno! Gramu moja tu ikienea katika magunia 1,000 ya kilo mia mia, yote yamefika kikomo.

Kwa hiyo, mzee wetu, weupe wa mahindi si cheti. Na maabara haiondoi sumu, huionyesha tu. Kuizuia ni kazi yetu. Tuanike juu ya turubai, si chini. Tukaushe vizuri kabla ya kuhifadhi. Tuchambue yaliyooza. Yaliyooza tusiyapikie pombe, wala tusiwape kuku.