Besiboli: Kwa nini takwimu za Machi huwahadaa mashabiki

Kila mwaka, kuanzia katikati ya Februari hadi mwishoni mwa Machi, mashabiki wa besiboli nchini Marekani hujaa katika viwanja vidogo vya majimbo ya Florida na Arizona ili kuwapima wachezaji wa timu zao kabla ya msimu kuanza. Nani ameiva? Nani amechuja? Nani atabaki kikosini? Majibu hutolewa kwa uhakika mkubwa, na mengi hukanushwa na msimu wenyewe kabla ya miezi miwili kupita.

Katika nchi jirani ya Uganda, jambo hili si la mbali tena. Mwaka 2012, watoto wa Lugazi waliunda timu ya kwanza ya Afrika kushiriki mashindano ya dunia ya Little League yanayofanyika Williamsport, katika jimbo la Pennsylvania. Miaka kumi baadaye klabu ya Los Angeles Dodgers iliwasajili Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male. Pittsburgh Pirates nayo imemsajili mrushaji mpira kutoka Uganda, David Matoma. Kwa wanaofuatilia safari ya vijana hao, ni muhimu kufahamu kambi za Machi hupima nini, na nini hazikipimi.

Watu wengi, nafasi chache

Ligi Kuu ya Besiboli ina timu 30. Kumi na tano hupiga kambi Florida na nyingine 15 Arizona, mahali ambapo baridi si kali wakati huo wa mwaka. Warushaji na wadakaji hutangulia kufika, kwa kuwa mkono wa mrushaji unahitaji wiki kadhaa kurudishiwa nguvu zake. Wachezaji wengine hufuata baada ya siku chache, kisha huanza mechi za kirafiki.

Klabu huita kambini wachezaji zaidi ya 50, ilhali wanaoingia katika kikosi cha kuanzia msimu ni 26 tu. Orodha rasmi ya klabu ina nafasi 40. Wanaobaki ni waalikwa: vijana wanaoonjeshwa ngazi ya juu, na wakongwe wanaotafuta nafasi ya mwisho. Kwa nyota mwenye mkataba mnono, Machi ni mwezi wa kulainisha misuli. Kwa mwalikwa, ni mwezi wa riziki. Wiki tatu nzuri zinaweza kumpatia ajira, na bega likiteguka kibarua kinaota nyasi. Wote hao wanacheza katika uwanja mmoja, na takwimu zao huandikwa katika jedwali moja.

Sababu za takwimu kudanganya

Sababu ya kwanza ni mpinzani. Mechi ya besiboli ina zamu tisa, na katika mechi nyingi za Machi wachezaji wakuu hupumzishwa baada ya zamu ya tano au hata mapema zaidi. Anayetamba katika zamu ya nane huenda anakabiliana na kijana ambaye ataanza msimu ngazi tatu chini ya Ligi Kuu.

Pili, wengine hawachezi ili washinde. Mrushaji mzoefu anaweza kuamua siku nzima kujaribu aina mpya ya mrusho ambao bado haujamkaa mkononi. Atapigwa, pointi zitaandikwa dhidi yake, naye ataondoka ameridhika kwa kuwa amejifunza alichokusudia.

Tatu ni hali ya hewa. Hewa kavu ya Arizona huufanya mpira uende mbali zaidi, hivyo wapigaji huonekana wenye nguvu na warushaji huonekana dhaifu.

Sababu ya nne ndiyo kubwa kuliko zote: uchache wa ushahidi. Msimu kamili una mechi 162 kwa kila timu. Katika kambi, mpigaji huenda akapata majaribio 40 au 50 tu, na kwa hesabu ndogo kiasi hicho bahati peke yake inaweza kumpandisha mtu au kumshusha.

Aliyeonekana hafai

Mfano ulio wazi ni wa Shohei Ohtani. Mjapani huyo alifika katika kambi ya Los Angeles Angels, Arizona, mwaka 2018, akitaka kurusha na pia kupiga, jambo ambalo wachezaji wa Ligi Kuu walikuwa wameliacha kwa miongo mingi. Katika mechi zake rasmi za kambini alipiga kwa mafanikio mara 4 tu kati ya majaribio 32. Akiwa mrushaji aliadhibiwa vikali. Kwa kiwango kile, angeruhusu pointi 27 katika kila zamu tisa. Wapo waliotaka arejeshwe ligi za chini akajifunze upya.

Klabu haikuwasikiliza. Karibu na mwisho wa kambi Ohtani alibadili namna ya kuinua mguu wake wa mbele anapopiga, akapunguza mwendo usiohitajika. Msimu ulipoisha alikuwa na homurani 22, yaani mapigo yanayoutoa mpira nje ya uwanja, na alichaguliwa kuwa mchezaji bora chipukizi wa Ligi ya Marekani, mojawapo ya matawi mawili ya Ligi Kuu. Jedwali la Machi lilikuwa sahihi katika kila tarakimu, ila halikueleza kwamba mtu yule alikuwa bado anajifunza.

Aliyefaulu akateremshwa

Machi 2015 ilikuwa na kisa cha kinyume. Kris Bryant wa Chicago Cubs alipiga homurani 9, nyingi kuliko za mchezaji yeyote katika kambi zote. Mashabiki wa Chicago, ambao timu yao haikuwa imetwaa ubingwa tangu mwaka 1908, waliona mkombozi amewasili. Klabu ikamteremsha kwenda ligi ya chini, ikieleza kwamba anapaswa kuboresha ulinzi wake.

Mashabiki waliokuwa wamesoma kanuni walitoa maelezo mengine. Mchezaji huhesabiwa mwaka mzima wa utumishi akitimiza siku 172 katika Ligi Kuu, na baada ya miaka sita kamili huwa huru kuchagua klabu. Bryant aliitwa tarehe 17 Aprili, akamaliza mwaka akiwa na siku 171. Kwa pungufu ya siku moja, Cubs ilibaki na haki juu yake kwa mwaka mmoja zaidi. Chama cha wachezaji kilipeleka malalamiko kwa niaba yake, lakini mwaka 2020 msuluhishi aliamua kwamba klabu haikuvunja kanuni. Hata hivyo, Bryant alikuwa chipukizi bora wa Ligi ya Taifa mwaka huohuo wa 2015, na mwaka uliofuata Cubs ikatwaa ubingwa.

Kisa hicho kinafundisha kwamba mchezaji anaweza kushinda mtihani wa uwanjani na bado akashindwa katika hesabu za ofisini.

Mambo ya kutazama

Shabiki makini hatupi takwimu zote; huchagua. Kwa mrushaji, hutazama kasi ya mpira akiilinganisha na ya mwaka uliopita, kwa sababu kasi haitegemei mpinzani. Hutazama pia kama mrushaji anaulenga mpira anapotaka. Kwa mpigaji, huangalia kama anajizuia kuifuata mipira mibaya na kama anaupiga mpira kwa nguvu, hata unapodakwa.

Kisha husoma kanuni. Mchezaji aliye katika orodha ya watu 40 anaweza kuteremshwa na kupandishwa katika misimu mitatu. Misimu hiyo ikiisha, klabu haiwezi kumteremsha bila kuziruhusu kwanza klabu nyingine zimchukue. Ndiyo maana mchezaji wa wastani huweza kubakizwa, na kijana hodari kuliko yeye akaambiwa asubiri.

Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu hunyesha. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alisajiliwa na Pirates mwaka 2008. Tarehe 26 Aprili 2017 ndipo alipokuwa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza Ligi Kuu, na alipiga kwa mafanikio katika jaribio lake la kwanza kabisa. Kati ya tarehe hizo zilipita karibu miaka tisa, na hakuna jedwali la Machi hata moja ambalo lingemwonyesha shabiki siku hiyo ingefika lini. Vijana wa Uganda wanapanda ngazi hiyohiyo. Anayetaka kuwatendea haki ahesabu miaka, wala asiwahukumu kwa wiki tano za kambi.